Khalfan Kaposa Majani ya Jirani

Ukitaka kumjua Khalfan wa Lanham, huku Marekani, usimtazame usoni, mtazame magotini. Suruali zake zote zina doa la kijani hapo, hata ile ya Idi. Dobi mmoja Mkorea kule kwetu Annandale aliwahi kuniuliza kama huyu rafiki yangu ni mtu wa ibada sana. Nikamwambia kusali anasali, lakini hayo magoti ni ya majani.

Kazi yake ni kuendesha basi la shule, lile la njano. Mfupi, tumbo mbele, sauti kama ya mpiga mnada. Kwao ni Tanga, ila ujana wake kaula Dar es Salaam akipanda ukoka kwenye majumba ya wakubwa kule Oysterbay. Muulize habari za ukoka halafu uvute kiti, maana hamalizi. Atakwambia unachukua gunia la ukoka, unaukatakata vipande, unatoboa ardhi kwa kijiti, unachomeka kipande, unakanyaga, unakwenda mbele. Na atamalizia kwa lile neno lake, ambalo binti yake analijua kuliko wimbo wa taifa: "Majani hayapandwi kwa mbegu. Mbegu ni ya mahindi."

Alipofika Marekani kwa bahati nasibu ya green card, yeye na mkewe, Mama Mwatumu, na binti yao, walikaa kwenye fleti kule Falls Church, karibu na Route 7. Chini ya fleti kulikuwa na kipande cha majani, kizuri, kimenyolewa, katikati kina kibao: usikanyage. Mwatumu alikuwa mtoto wa chekechea, mpira ukamponyoka, akaufuata kwenye majani. Meneja wa jengo akatoka ndani kama nyuki. Mtoto alilia mpaka usiku. Khalfan akamweka mapajani akamwambia, "Mwanangu, siku ya harusi yako utakanyaga majani ya baba yako, tena bila viatu, na hakuna mtu atakayekutoa."

Sasa, wewe unajua ahadi za wazazi. Tunaahidi watoto pikipiki, farasi, safari ya mwezini, na Mungu anatusaidia wanasahau. Mwatumu hakusahau.

Baadaye sana ndiyo wakanunua nyumba Lanham. Nyumba nzuri, ya matofali, ila uwanja wa nyuma ulikuwa udongo mwekundu mtupu, mwenye nyumba wa zamani alikuwa na mbwa wawili wakubwa kama ndama. Na upande wa pili wa ua, jirani, sasa huko ndiko kulikuwa na majani.

Jirani huyo ni Mzee Akili. Mmarekani mweusi, mstaafu, alikuwa dereva wa treni za Metro. Jina la Akili alijipa mwenyewe miaka ya sabini alipokuwa akisoma Kiswahili chuoni, na Kiswahili chake ni kile cha vitabuni, kimepigwa pasi na kutiwa wanga. Sisi tunasema "mambo vipi," yeye anakuuliza, "U hali gani, ndugu yangu, na jamaa zako wote hawajambo?" Ukitoka hapo unajiona hukusoma.

Majani yake yalikuwa kijani kizito, marefu kidogo, laini kama manyoya ya paka, na yeye anayakata kwa mistari, mmoja mweusi mmoja mweupe, kama kikoi. Haruhusu mtu kuyakanyaga. Hata yeye mwenyewe anapita kwenye mawe aliyoyapanga pembeni. Wajukuu wake wakija wanacheza barabarani. Mkewe, Bi Ama, aliwahi kutuambia, "Mimi nilimkuta nayo hayo majani. Mimi ni mke wa pili."

Mzee Akili alipomwona Khalfan anazunguka na jembe kwenye udongo wake mwekundu, alisogea kwenye ua akampa ushauri. Hii nchi ina majani ya aina mbili, akasema, kuna ya joto na kuna ya baridi. Huku kwetu yanayofaa ni ya baridi. Subiri Septemba au Oktoba jua likipungua makali, itoboe ardhi ipumue, mwaga mbegu, weka chokaa kidogo maana udongo huu ni mchachu, na ukikata usiyakate mpaka shinani, yaache na urefu wake.

"Mbegu," akasema Khalfan.

"Naam, mbegu."

Khalfan alicheka mpaka akashika ua. "Mzee wangu, shikamoo, lakini mbegu ni ya mahindi."

Wiki hiyohiyo akanipigia simu. Nikiwa kazini. Sauti inatetemeka. "Gervas, njoo Lanham sasa hivi." Mimi nikajua kuna msiba. Nikaingia barabara kuu ya Beltway nikaendesha kama mwizi, njia nzima natunga maneno ya rambirambi. Nafika, namkuta kasimama nyuma ya maegesho ya kanisa moja, kavua kofia, anatazama chini.

"Tazama," akaniambia.

Nikatazama. Majani, yametoka kwenye nyufa za lami.

"Ukoka," akasema, na nakuapia macho yalikuwa na maji. "Wa kwetu kabisa. Angalia vifundo vyake. Umefuata watu huku."

"Khalfan, mimi nimeacha kazi."

"Shika gunia hilo."

Basi watu wazima wawili tukapiga magoti kwenye maegesho ya kanisa tukang'oa magugu. Mlinzi akaja akauliza tunafanya nini. Khalfan akamwambia tumejitolea kusafisha. Yule baba akatuletea soda.

Akaupanda wote Mei, kipande kwa kipande, kijiti, chomeka, kanyaga. Na niseme ukweli, Khalfan ana mkono. Ilipofika Julai, ile Julai ya huku ambayo hewa inakuwa kama supu, majani ya mtaa mzima yalichoka. Ya Mzee Akili nayo yakapauka, yakalala, yakawa kama mgonjwa anayesema sijambo ili msimsumbue. Ukoka wa Khalfan ndiyo kwanza unacheza ngoma. Kijani mpaka unaumiza macho.

Unafikiri alinyamaza? Alitoa kiti nje, akawa anakunywa chai hapo kila asubuhi kabla jua halijawaka, na kanzu, kama sultani. Alituma picha kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa eneo letu hili, DMV, mpaka mwenyekiti akamwomba apumzike, wengine wana habari za vifo. Na siku moja, mimi nikiwepo, akainuka, akaenda kwenye ua, akaweka mkono kifuani, akamwambia Mzee Akili kwa sauti ya unyenyekevu:

"Mzee wangu, pole sana kwa msiba."

Mzee Akili akatazama majani yake yaliyopauka, akatazama ya Khalfan. "Ndugu Khalfan, haya yangu hayajafa. Yamelala. Na hayo yako nayo yatalala. Ndipo tutakapojua nani ameamka."

"Ukoka haulali, mzee. Ukoka ni kama Mtanga, unapumzika tu."

Ingeishia hapo ingekuwa utani. Lakini ukoka, kama ulivyo, haujui mipaka ya viwanja. Unatambaa. Agosti ukapita chini ya ua kama mwizi wa kuku, na asubuhi moja Mzee Akili akaukuta umeshaweka kambi katikati ya mistari yake. Akaingia ndani, akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo akawa hasemi na Khalfan. Zile sahani zilizokuwa zinapita juu ya ua, sambusa za Mama Mwatumu kwenda, pai ya viazi vitamu ya Bi Ama kurudi, zikakoma. Akimwona Khalfan yuko nje, mzee anageuza kiti.

Na ni Agosti hiyohiyo Mwatumu akaleta mchumba.

Kijana anaitwa Malik, wazazi wake watu wa Mombasa, amekulia hukuhuku Falls Church kwa mjomba wake, kazi yake kompyuta, na adabu anayo. Mambo yakaenda haraka, nikaha ikapangwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba, mama yake Malik apate kufika na viza yake. Tukaunda kamati ya harusi. Mwenyekiti wake Bupe, Mnyakyusa, nesi, jirani yangu Annandale, mwanamke ambaye akisema "jamani" hata friji inanyamaza. Bupe akauliza ukumbi gani tuweke oda.

"Hakuna ukumbi," akasema Khalfan. "Nyumbani. Kwenye majani."

"Baba Mwatumu, Oktoba?"

"Mchana Oktoba ni joto. Mimi nilimwahidi mtoto."

Nikamtazama Mwatumu. Binti mkubwa, amemaliza chuo, anafanya kazi na watu wazima wenye tai. Alikuwa anatabasamu kama yule wa chekechea. Kwenye kadi za mwaliko akaandika, nyumbani kwa baba yangu, na viatu mtaviacha pembeni.

Sasa Oktoba ikaingia. Mwaka ule baridi iliwahi, wala haikupiga hodi. Asubuhi mbili mfululizo tumeamka mtaa mzima mweupe, barafu ya unga juu ya kila kitu, juu ya magari, juu ya maboga ambayo watu wa huku huyapanga milangoni. Jua likatoka, ile barafu ikayeyuka, na Khalfan akachungulia dirishani akiwa na kikombe cha chai.

Ukoka ulikuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Wote. Kutoka ua hadi ua. Ukipita juu yake unasikia kwacha, kwacha, kama unatembea juu ya bisi. Na ng'ambo ya pili, majani ya Mzee Akili yameamka. Kijani, yanang'aa, yana umande. Baridi kwao ilikuwa ni chai ya asubuhi.

Tulikusanyika pale uwanjani, mimi, Bupe, Mama Mwatumu, kama watu waliokuja kutambua maiti.

"Haujafa," akasema Khalfan. "Umelala."

"Utaamka lini?" akauliza Bupe.

"Mei."

Bupe akavuta pumzi. "Kuna rangi. Wanauza rangi ya kupuliza majani, nimeona mtandaoni."

Khalfan aliileta siku hiyohiyo, akapulizia kona moja. Haikuwa mbaya, ukisimama mbali. Halafu akainama kuigusa, na mkono, na kanzu, na ncha ya ndevu vikawa kijani. Mama Mwatumu akamwangalia kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mwanangu aolewe na miguu ya kasuku? Wallahi siitaki hiyo."

Mwatumu akaja jioni kutoka kazini. Akasimama kwenye mlango wa nyuma na viatu vyake vya ofisini, akatazama ule mkeka. Huyu mtoto Kiswahili anasikia chote lakini kujibu ni Kiingereza. Akasema taratibu, "It's okay, Baba. We can find a hall," yaani si neno, ukumbi utapatikana. Akamshika baba yake bega, akaingia ndani.

Angegombana ingekuwa afadhali. Khalfan akakaa kwenye kile kiti chake cha kisultani, hana chai. Mimi nimemjua miaka mingi, sijawahi kumsikia kanyamaza muda wa kukaangia yai. Nikaanza kuogopa. Kisha akageuka akatazama ng'ambo ya ua. Akatazama sana.

"Gervas, nataka uniposee."

Nikashtuka. "Khalfan, Mama Mwatumu yuko hapo jikoni na kisu."

"Siyo mke. Majani." Akaonyesha kwa kidevu. "Yale. Yule mzee hasemi na mimi. Nikienda mwenyewe atanifungia mlango. Kwetu mtu ukitaka kitu kizito nyumbani kwa mtu unatuma mshenga. Wewe una mdomo. Nenda kaniposee."

Nimeshaposea watu watatu katika maisha yangu, wote wameoana na wawili bado wako pamoja. Kuposea uwanja ilikuwa mara ya kwanza. Jumapili nikavaa koti, Khalfan kanzu na kofia, ile kanzu isiyokuwa na rangi, Mama Mwatumu akatufungashia sinia la sambusa na vitumbua, limefunikwa kitambaa cheupe. Tukazunguka kwa mlango wa mbele kama wageni wa heshima. Nikabonyeza kengele.

Mzee Akili akafungua. Akanitazama, akatazama sinia, akamtazama Khalfan nyuma yangu anakwepesha macho kama mwari.

"Hodi, mzee," nikasema. "Sisi ni wageni wako. Tunapita mtaani, tumeona humu ndani kuna kitu kizuri, kimelelewa vizuri, na kijana wetu hapati usingizi. Tumekuja kuomba."

Nikaona midomo ya mzee inacheza.

"Je," akasema polepole, "hii ni posa?"

"Ndiyo, mzee."

"Subirini."

Akatufungia mlango. Khalfan akaninong'oneza, "Nilikwambia." Lakini dakika si nyingi mlango ukafunguliwa tena, na mzee kavaa shati lake la kitenge lenye nakshi shingoni na kofia ya duara. Baadaye Bi Ama alituambia, mumewe alisoma habari za posa chuoni, akazifanyia na mtihani, akazaa wavulana watupu, na tangu hapo hajapata mtu wa kumbishia hodi. Alikuwa amesubiri tangu treni za Metro zikiwa mpya.

"Karibuni," akasema. "Lakini kwa desturi, mzee hafungui kinywa bure."

Nikafunua sinia. Akachukua sambusa, akala yote, akajipangusa. "Kinywa kimefunguka. Kijana mnayemwombea ni nani?"

"Ni Khalfan bin Shomari, jirani yako."

"Ana kazi?"

"Anaendesha basi."

"Analewa?"

"Chai tu."

"Mimi nimesikia habari zake." Akaegemea kiti. "Nimesikia huyu kijana tayari ana mke. Jina lake Ukoka. Na nimesikia huyo mke ni mkorofi, anaingia nyumba za watu bila hodi."

Bi Ama huko jikoni akaangusha kijiko. Khalfan akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu, maana mwoaji hasemi.

"Mzee, mke huyo amelala," nikasema.

"Amelala kweli?"

"Usingizi wa mpaka Mei."

"Ndiyo," akasema Mzee Akili, na akala kitumbua, polepole, akikifurahia kuliko kitumbua kinavyostahili. "Niliambiwa halali."

Basi akataja masharti. La kwanza, Khalfan aung'oe ukoka wote ulioingia upande wake, kwa mkono, na mizizi yake, na achimbe mfereji kwenye ua usipite tena. Nikakubali. La pili, hakuna kiatu cha kisigino juu ya majani yake. Nikakubali. Halafu mzee akavua kofia akaiweka gotini, na nikaona mzaha umekwisha.

"La tatu siyo sharti. Nataka mjue tu. Wiki hizi ndizo ninazokodi mashine ya kutoboa ardhi na kumwaga mbegu. Nikitoboa, uwanja wote unajaa vidonge vya udongo kama choo cha mbuzi. Bibi harusi hawezi kukanyaga hapo. Mkitaka Jumamosi, sitoboi. Na nisipotoboa mwaka huu, kiangazi kijacho majani yangu yatakuwa machache. Mnaniomba mwaka mmoja wa majani yangu. Kwa sababu gani?"

Hapo desturi ilikuwa imeniishia.

Khalfan akasema mwenyewe. Hakupamba. Akasimulia kile kibao cha Falls Church, na mpira, na meneja, na mtoto kulia mapajani, na neno alilomwambia. Akasema, "Mimi nilijiona fundi, mzee. Nikakucheka. Kosa langu. Lakini mtoto hakukucheka."

Mzee Akili akageuza ile kofia mkononi, akaizungusha, akaizungusha. "Nikiwa mtoto mweusi kule Virginia," akasema, "kulikuwa na bustani ya mji yenye kibao. Kile kibao hakikuwekwa kwa ajili ya majani."

Kisha sauti ya Bi Ama kutoka jikoni, neno moja: "Akili."

"Nimesikia, Ama." Akavaa kofia yake, akainyoosha. "Posa imekubaliwa. Lete na hivyo vitumbua vingine."

Wiki ile yote, Khalfan akirudi tu na basi anaingia kwa Mzee Akili na kijiko cha bustani, magoti chini, anaufukua ukoka wake mwenyewe kifundo kwa kifundo. Ukoka ukiupanda unashika kwa siku, kuutoa ni kama kumtoa shemeji. Na Mzee Akili, siku ya kwanza kabisa, akatoa kiti, akatoa kikombe, akakaa juu ya jiwe lake la pembeni na blanketi miguuni. Akanywa chai. Akaweka mkono kifuani.

"Ndugu yangu Khalfan," akasema, "pole sana kwa msiba."

Jumamosi ikafika. Tuliondoa mbao za ua, mlango wa nyuma wa Khalfan ukawa unafunguka moja kwa moja hadi kwa jirani: kwanza unavuka mkeka wa kahawia, halafu unaingia kijani. Jua la Oktoba, anga safi, miti ya mtaa mzima imegeuka nyekundu na manjano. Tukatandaza majamvi, sheikh akakaa, Malik akakaa, anatoka jasho kwenye baridi. Viatu vyote vimepangwa kwenye ukoka kama msikitini.

Mwatumu akatoka. Kwenye mwisho wa ukoka akasimama, akashika bega la baba yake, akavua viatu, kimoja, kingine. Akaweka mguu kwenye majani. Akacheka peke yake. Khalfan akawa anatazama juu, anasema kuna mdudu kamwingia jichoni. Mdudu wa Oktoba. Mama yake Malik aliyetoka Mombasa akainama akayapapasa kwa kiganja akauliza, "Jameni, hili ni zulia ama ni majani?" na Mzee Akili akavimba shati la kitenge likabana.

Nikaha ikapita salama. Pilau likaliwa. Muziki ukawekwa. Ndipo jua lilipojificha nyuma ya mapaa, na ardhi, ambayo ilikuwa imejikaza kiungwana kutwa nzima, ikaanza kutoa baridi yake. Kina mama walikuwa wanacheza pekupeku. Nikawaona wanaanza kuinua miguu juu sana, kama kuku kwenye lami ya moto.

"Jamani," akasema Bupe, na kila kitu kikanyamaza. "Mimi ni nesi. Sitaki nimonia kazini Jumatatu." Akaenda kwenye ukoka, akavaa viatu vyake. Vya dhahabu, visigino virefu na vyembamba kama misumari. Wengine wote nyuma yake, kamati nzima. Wakati huohuo muziki ukabadilika, ukaja ule wa kuchezea kwa kukanyaga chini, na hapo, ndugu yangu, hata jeshi lisingewazuia.

Khalfan alikuwa anaongea na sheikh. Alipogeuka alikimbia, na yeye siyo mtu wa kukimbia. "Visigino! Sharti la pili, visigino!" Mtu akazima muziki. Kina mama wakasimama, wakatazama chini, na kila mmoja akaanza kung'oa kisigino chake kutoka ardhini, pwop, pwop. Majani yote yale, kila mahali walipopita, matundu. Mamia.

Mzee Akili akaja polepole. Hakupita kwenye mawe. Akapiga goti, akatia kidole cha shahada kwenye tundu moja. Kikazama. Akatoa, akatia kwenye jingine. Akanyanyuka, akaenda kwenye banda lake la vyombo.

"Anafuata nini?" akaninong'oneza Khalfan.

"Sijui."

"Humo ndani ana mundu, Gervas. Nimeuona."

Mwatumu kashika mkono wa mumewe. Bupe, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, anatazama chini. Mlango wa banda ukafunguka, na mzee katoka na gunia begani. Akalishusha miguuni kwa Bupe, akalichana mdomo, akachota kwa mkono.

"Dada yangu," akamwambia, "mashine ninayokodi haifiki chini hivi."

Akamwaga mbegu hewani, juu ya Bupe, juu ya bibi harusi, juu ya kamati nzima, kama mtu anayemwagia maharusi mchele. "Rudisheni muziki. Na pale pembeni karibu na ua hamkufika. Kanyageni."

Unajua vigelegele vya Kinyakyusa, vya Tanga na vya Mombasa vikitoka pamoja? Mtaa mzima uliwasha taa. Bi Ama akavaa viatu vyake vya kanisani akaingia kati. Mzee Akili anawapanga kina mama kwa mistari, huyu hapa, huyu pale, rudini nyuma, geukeni, anawakatisha kama anavyokata majani, na yeye mwenyewe anacheza, mguu mmoja mbele, gunia limekumbatiwa. Mbegu zilikuwa kwenye vilemba, kwenye pilau, kwenye ndevu za sheikh.

Nikamtafuta Khalfan. Kasimama peke yake pale kijani kinapokutana na mkeka. Mtu kamtia mbegu kwenye kiganja, naye anazitazama kama mtu aliyepewa nyoka.

"Mbegu," nikamwambia, "ni ya nini vile?"

"Nyamaza, Gervas."

Akageuka, akazirusha juu ya ukoka wake uliolala, haraka, kama anaogopa kuonekana. Mwatumu alimwona. Akaja akavua viatu tena, akamshika baba yake mkono, wakazikanyagia chini pamoja.

Masika majani ya Mzee Akili yaliota vizuri kuliko miaka yote, na pale alipochezea Bupe yaliota kichaka kabisa. Upande wa Khalfan kuna kijani cha baridi kidogo, halafu Mei ukoka unaamka unakuta wageni nyumbani, wanaishi hivyohivyo, mitala. Ua hawajaurudisha. Sahani zinapita chini sasa, siyo juu.

Na juzi, Septemba hii, majira ya kutoboa ardhi yameanza tena, nimekaa kwangu Annandale, kengele ikalia. Nafungua, Mzee Akili, shati la kitenge, kofia ya duara, mkononi sinia limefunikwa kitambaa cheupe, ndani pai ya viazi vitamu. Nyuma yake Khalfan kavaa koti, uso mkavu kama mshenga mzoefu.

"Hodi," akasema Khalfan. "Tunapita mtaani. Tumesikia jirani yako Bupe ana viatu vizuri, na mzee wetu hapati usingizi. Tunaomba utufikishe kwake."

Nikawaambia waingie, lakini kwa desturi mimi sifungui kinywa bure. Khalfan akafunua sinia.